Milimita tatu tu

Leo nimempeleka mama kupimwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Siku nyingi akipanda ngazi pumzi inakata, na jioni miguu inavimba. Sisi tulijua ni pumu. Daktari aliyemwona juzi akashuku presha ya mapafu, yaani ya damu kwenye mishipa ya mapafu, ambayo si hii ya kufungwa mkanda mkononi.

Mama kalazwa ubavu wa kushoto, kapakwa ile jeli ya baridi, akaguna: "Mwanangu, hii umeitoa kwenye friji?" Tukacheka wote, hadi mpimaji.

Halafu akanigeuzia skrini.

Chemba ya chini ya kulia ya moyo, ambayo kwa kawaida huonekana ndogo kuliko ya kushoto, imetanuka mpaka inamsukuma jirani yake. Ukuta wa kati umebonyea. Chemba ya kushoto, inayotakiwa kuwa duara, imekaa kama herufi D.

Akapima pindo la vali, ule mlango wa damu wa upande wa kulia, linavyosogea kuelekea ncha ya moyo kila pigo: milimita 14. Ikiwa chini ya 17, upande wa kulia unaelemewa kusukuma damu mapafuni.

Milimita tatu jamani! Nimeshinda nazo kichwani.

Eko inakadiria tu hiyo presha, kwa kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye vali. Kuthibitisha, mrija mwembamba utapitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Mama ameuliza swali moja: kunauma?

Nimekosa jibu. Kuna aliyepitia, au mzazi wake? Niambieni siku yenyewe inakuwaje.