Mwigo wa mtani na mwigo wa mkutanoni

Huku kusini mwa Tanzania mwigo wa sauti ya mtu una kanuni zake za kale, na mahali pa kuziona vizuri ni msibani. Mtani, yaani mtu wa kabila au ukoo wenye desturi ya kutaniana na wa marehemu, huweza kuvaa kanzu ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake na kudai chakula kwa sauti yake, hata wafiwa wakacheka machozi yangali mashavuni. Hakuna anayenuna, kwa sababu utani ni deni la pande mbili: anayeigizwa leo, au nduguye, ana haki ileile kesho msiba ukihamia kwa mtani.

Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, aliandika mwaka 55 kabla ya Kristo kwamba msemaji anaruhusiwa kuwaigiza watu, ila afanye kwa kudokoa tu, ili msikilizaji awaze mengi kuliko anayoyaona. Kuzidisha aliwaachia wachekeshaji wa jukwaani. Nadhani watani wetu wangemwelewa, ingawa wao hawasifiki kwa kuwa na kiasi.

Ninachokilalamikia ni mwigo ulioachana na haki ya kujibu. Katika mkutano mmoja wa wakulima wa korosho huku Newala, mzee aliuliza kwa nini makato yamepanda ilhali bei ya mnadani imeshuka, na akatamka "kolosho", kama wanenavyo wengi tuliolelewa kwa Kimakonde. Aliyemfuata alilirudia swali lile neno kwa neno, akiikaza ile "l" na kubana pua. Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akaita ajenda inayofuata, na mzee akaketi bila jibu. Msemaji yule hakukanusha lolote, kwani aliuigiza ulimi na kuiacha hoja.

Hata hivyo siwezi kuikataa mbinu yenyewe, maana baadaye mama mmoja aliitumia ipasavyo. Alisimama, akakunja mikono juu ya tumbo kama afanyavyo mwenyekiti, akasema kwa upole uleule, "Suala hilo tumelipokea, tunalifanyia kazi," kisha akauliza kwa sauti yake mwenyewe ni nani hasa anayelifanyia kazi, na tangu lini. Aliigiza kauli ambayo mtu ameichagua mwenyewe kujifichia, wala si matamshi aliyozaliwa nayo. Watu walicheka pia, lakini safari hii katibu alilazimika kufungua daftari na kuyasoma makato, moja baada ya jingine.