Saa tisa alasiri, askari wako wapi?

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua kitabu cha matukio hata koti sijavua. Mimi ni afisa utawala wa kituo cha polisi. Sikamati mtu, kazi yangu ni ratiba za zamu, maombi ya mafuta na mafaili ya mradi wa vijana. Kitabu kinasema usiku ulikuwa shwari.

Saa 3:00. Hospitali imetuma orodha yake ya mwezi: majeruhi wa ugomvi, mahali, siku, saa, silaha. Jina hakuna hata moja, nasi hatuulizi. Utaratibu huu asili yake ni Cardiff, Wales, ambako daktari mpasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba wengi waliokuja kutibiwa majeraha ya kupigwa hawakuwa wamefika polisi kabisa. Naiweka orodha kando ya kitabu chetu. Kituo cha basi karibu na shule: hospitali ina vijana tisa, sisi tuna wawili.

Nazungushia saa kwa kalamu nyekundu. Saa tisa na dakika kumi. Tisa na robo. Tisa na ishirini na tano. Mkono unasita. Saa tisa kamili ndipo tunapobadilishana zamu! Wanaotoka wako ghalani wanarudisha silaha na redio, wanaoingia wako kwenye gwaride wanasomewa maagizo. Shule nazo zinafungua mageti.

Saa 4:30. Kwa mkuu wa kituo.

“Afande, naomba tusogeze zamu mbele kwa saa moja, ibadilishwe saa kumi.”

“Unajua zamu ngapi zitavurugika? Na usafiri wa usiku?”

Najua, nimempelekea hesabu. Fulana mia za kampeni ya amani ziliidhinishwa kwa siku mbili; hili anasema atalifikiria.

Saa 6:30 mchana. Kikao cha wadau, maktabani. Mpatanishi wetu, kijana aliyewahi kuwa kwenye genge, hakanyagi kituoni. “Mzee, nikionekana naingia kwenu mara mbili, hakuna atakayeniambia kitu tena.” Ana haki. Huko Chicago, daktari Gary Slutkin, aliyepambana na kifua kikuu na kipindupindu, alianzisha mwaka 2000 mradi uliokuja kuwatumia watu kama kijana huyu, akisema vurugu huambukiza. Mtu hawezi kuzuia maambukizi akiwa anadhaniwa mpelelezi. Basi majina simwombi, hata mkuu wangu akinuna.

Mwalimu mkuu anataka askari getini. Mama mmoja anamkata kauli: “Waje, lakini wasiwapekue watoto wetu. Mwaka jana mwanangu alivuliwa viatu mbele ya wenzake.” Naandika neno kwa neno. Hakuna anayecheka.

Saa 9:10. Nimesimama kituo cha basi mwenyewe, bila sare. Wavulana wawili wamehamishia mabegi kifuani, mkono mmoja ndani ya zipu. Wa tatu anavuka barabara kuwafuata. Mpatanishi anatokea upande wa pili, anamshika huyu bega, anamnong’oneza jambo ambalo sitalijua. Basi linafika. Mikono inatoka kwenye mabegi, mitupu.

Saa 11:00 jioni. Fomu ya taarifa ya siku: waliokamatwa, sifuri, vielelezo, sifuri. Nafasi ya kuandika lile basi haipo, naliandika pembeni.

Karatasi ya mkuu iko mezani: “Askari wawili, wiki mbili, kuanzia Jumatatu. Mafuta utajua mwenyewe.”

Navuta faili la mafuta.