Taa za Shilingi Elfu Ishirini na Tano na Ukungu wa Isyonje

Mimi ni bwana mifugo katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, na kazi yangu haina saa. Ng'ombe wa maziwa akishindwa kuzaa saa tano usiku, mwenye ng'ombe hupiga simu saa tano hiyo hiyo, nami huwasha pikipiki na kuondoka. Barabara ninayoitumia zaidi ni ile inayotoka Uyole, ikapanda hadi Isyonje, kisha ikateremka Kiwira na Tukuyu kuelekea mpaka wa Kasumulu. Ni barabara ya lami yenye kona nyingi na malori makubwa yaendayo Malawi, na upande wa Isyonje ukungu hushuka mzito kiasi kwamba mtu haoni hata mti ulio kando yake. Taa kubwa ya pikipiki yangu ya cc 150 ina balbu ya wati 35, na katika ukungu huo balbu hiyo hunionyesha ukuta mweupe na kitu kingine chochote hakionekani.

Ndiyo maana nilinunua taa mbili ndogo za LED kwa shilingi 25,000 katika duka la spea jijini Mbeya. Fundi aliyenifungia, ambaye kwa kazi nyingine za pikipiki ni mtu hodari, alitumia dakika 20 tu. Alichuna ganda la waya wa taa kubwa, akauviringisha waya wa taa mpya juu ya shaba iliyobaki wazi, akazungushia solotepu, akaniambia, "Tayari, Bwana mifugo. Sasa hata sindano utaiona." Nilimlipa na kumshukuru.

Tangu siku ya kwanza taa hizo zilikuwa zikipepesa kila nilipopunguza mwendo, na niliposimama zilififia kabisa. Nililivumilia jambo hilo kwa kudhani kwamba ndiyo tabia ya taa za bei nafuu. Usiku wa siku ya 13, nikitoka kumtibu ng'ombe ambaye kondo lake la nyuma lilikuwa limegoma kutoka, niliingia katika shimo dogo karibu na Isyonje, na taa zote za mbele zikazimika kwa pamoja, taa kubwa ikiwemo, huku injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Niliufuata mstari mweupe wa ukingoni kwa kuutazama jirani kabisa na mguu wangu wa kushoto, hadi nikatoka nje ya lami na kuingia kwenye majani, na lori likapita. Nilipotulia nilimulika chini ya tangi kwa tochi ya simu. Gundi ya solotepu ilikuwa imelainika kwa joto, tepu imeteleza, na unywele mmoja wa shaba ulikuwa umeegemea chesisi. Ulikuwa unywele mmoja tu, mwembamba kama uzi wa kushonea, nao ndio ulioniacha gizani.

Kesho yake niliazima mita ya umeme kwa fundi wa redio wa jirani yangu, na kipimo cha kwanza kilinieleza karibu kila kitu. Nilipoiweka mita katika upande wa umeme wa betri na kuigusisha kwenye waya wa taa kubwa, haikusoma kitu cha maana; nilipoihamishia upande wa mkondo geu, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, namba zilijitokeza na kupanda na kushuka kila nilipopiga resi. Maana yake ni kwamba taa kubwa ya pikipiki yangu, kama zilivyo pikipiki nyingi ndogo, hailishwi na betri hata kidogo. Inalishwa moja kwa moja na koili iliyo ndani ya injini, na umeme wake hugeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde na kuongezeka au kupungua kulingana na mwendo wa injini. Balbu ya kawaida huvumilia umeme wa namna hiyo, lakini taa ya LED huhitaji umeme unaokwenda upande mmoja, kwa hiyo kupepesa kule hakukuwa na uhusiano wowote na bei ya taa. Zilikuwa zimeunganishwa mahali pasipo pake.

Kipimo cha pili kilihusu nguvu ya taa zenyewe. Kwenye boksi kuliandikwa wati 60 kwa kila taa. Niliiunganisha taa moja kwenye betri, mita ikiwa katikati, nikapata ampea 1.3 kwa volti 12.6, yaani takriban wati 16. Mtu anaweza kukasirika kwa kudanganywa, nami nilikasirika kidogo, lakini nilipotafakari niliona kwamba kwa pikipiki yangu hilo lilikuwa afadhali, kwa kuwa koili ndogo kama ile isingeweza kulisha wati 120 za ziada bila kuifilisi betri katika safari moja. Kwa hesabu yangu, taa zote mbili zingekula ampea 2.6, na kila nilichokinunua baadaye nilikichagua kwa namba hiyo wala si kwa maandishi ya boksi. Ninamsihi kila anayetaka kufanya kazi hii aanze na kipimo hicho kabla ya kununua hata nusu mita ya waya.

Nilinunua rilei ya miguu minne, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kwa shilingi 5,000, fyuzi ya ampea 5 pamoja na kishikio chake kwa 2,000, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa 6,000, swichi isiyoingiza maji kwa 4,000, na viunganishi vya kubana kwa 3,000. Ukijumlisha na taa zenyewe, kazi nzima ilinigharimu shilingi 45,000.

Rilei ndiyo moyo wa kazi hii, na nimegundua kwamba mafundi wengi wa pikipiki huikwepa kwa sababu tu hawajawahi kuelezwa miguu yake, ilhali namba zake zimechapwa kwenye plastiki yake yenyewe. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka chanya ya betri, mguu wa 87 huupeleka kwenye taa, na miguu ya 85 na 86 ni ya sumaku ndogo iliyo ndani, ambayo ikipata umeme huvuta kibati na kuiunganisha 30 na 87 kwa mlio mdogo unaosikika. Hivyo mzigo wa taa haupiti kabisa katika swichi ya usukani; kinachopita pale ni umeme kidogo wa kuiamsha ile sumaku. Mguu wa 85 niliupeleka kwenye hasi, na ule wa 86 nikaupitisha kwenye swichi yangu mpya, kisha kwenye waya unaotoka katika swichi ya funguo kwenda kulisha honi na indiketa, ambao niliuhakikisha kwa mita kwamba una umeme wa betri funguo ukiwashwa na hauna kitu ukizimwa. Faida yake ni kwamba nikifika kwa mfugaji nikang'oa funguo kwa haraka, taa zinazimika hata kama nimesahau swichi, na betri inabaki salama.

Fyuzi niliiweka shubiri moja tu kutoka kwenye chanya ya betri. Niliwahi kuona pikipiki ambayo fyuzi yake ilifungwa mbele karibu na taa, na mwenye pikipiki akiamini kwamba imelindwa, wakati waya wote unaopita chini ya tangi hadi mbele ulikuwa hauna ulinzi wowote. Fyuzi inalinda kile kilichopo mbele yake, kwa hiyo lazima ikae pale umeme unapoanzia. Hasi ya taa nayo sikuikabidhi kwa chesisi, kwa sababu rangi na kutu huufanya umeme usumbuke. Nilivuta waya wake hadi kwenye hasi ya betri, na kwa kufanya hivyo nilijiondolea matatizo mengi ambayo nimeyaona kwa wenzangu.

Maungio yote niliyafanya kwa viunganishi vya kubana badala ya kulehemu, kwa kuwa waya uliolehemiwa kwa risasi hukakamaa pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa pikipiki huukata hapo hapo. Kila taa niliipa kiunganishi chake cha kuchomeka na kuchomoa, nikakipaka mafuta ya mgando ili maji yasikile. Nyaya nilizipitisha sambamba na nyaya za asili, mbali na ekzosi, na kabla ya kuzifunga niliugeuza usukani hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto. Waya mmoja ulijinyonga shingoni mwa usukani, nikaulegeza kwa sentimita sita.

Mahali pa kuzifunga taa nilipafikiria kwa muda mrefu kuliko umeme wenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda alinishauri niziweke juu kwenye usukani, akisema, "Zikae juu, mzee, zifike mbali," na kwa barabara kavu huenda yuko sahihi. Lakini katika ukungu, mwanga unaotoka karibu na macho hurudi machoni. Nilizifunga chini, kwenye gadi ya mbele, usawa wa goti langu, ambapo mwanga unapita chini na kuamsha rangi ya lami na mstari wa ukingoni. Nilitumia nati zenye nailoni ndani pamoja na washa za springi, kwa maana nati za kawaida zilizokuja na taa zililegea katika safari ya kwanza ya kwenda Kiwira.

Kuzilenga nilikufanya jioni mbele ya ukuta wa ghala, pikipiki ikiwa mita tano kutoka ukutani na mimi nimeikalia pamoja na mfuko wangu wa dawa nyuma, kwa sababu uzito huo huinua pua ya pikipiki na kuharibu vipimo vya mtu aliyelenga pikipiki ikiwa tupu. Mwanangu alichora kwa chaki mstari wa usawa wa taa, kisha nikaziinamisha hadi ukingo wa juu wa mwanga ukakaa sentimita kumi chini ya mstari huo. Ya kushoto niliigeuza kidogo nje, upande wa watembea kwa miguu na wasukuma baiskeli za ndizi. Hata baada ya hapo, ninapokutana na gari huzizima. Dereva wa lori aliyepofuliwa na taa zangu ni hatari kwangu kuliko giza.

Taa nafuu zina udhaifu mmoja wa kweli, nao ni maji. Usiku kabla ya kuzifunga upya nilizizamisha taa zote mbili katika beseni, zikiwa zimezimwa, na asubuhi moja ilikuwa na jasho ndani ya kioo. Nilizifungua zote, nikazikausha juani, nikapaka silikoni nyembamba kuzunguka kioo chote na kuziacha siku nzima kabla ya kuzigusa tena.

Mwisho nilipima betri, maana hapo ndipo ningejua kama nimefanikiwa. Injini ikiwa katika mwendo wa kawaida na taa zote mbili zikiwaka, mita ilisoma volti 13.5, yaani betri ilikuwa bado inachajiwa. Pikipiki ikiwa imesimama na injini ikinguruma polepole, ilishuka hadi 12.4, yaani betri sasa ilikuwa inaliwa badala ya kuchajiwa, na kwa hiyo nikizuiliwa barabarani kwa muda mrefu huzizima.

Huu ni mwezi wa 14. Mvua za Tukuyu zimepita juu ya taa hizo msimu mzima, na mwezi uliopita ile ya kulia ilianza kuwaka nusu. Nilinunua jozi nyingine kama ile, nikabana viunganishi kwenye nyaya zake nikiwa nyumbani, kisha nikafungua nati moja, nikachomoa na kuchomeka, na kabla chai yangu haijapoa nilikuwa barabarani kuelekea kwa mzee mmoja wa Kiwira ambaye mtamba wake alikuwa amekaa na uchungu tangu adhuhuri.