Winnipeg, mji ambao nyumbani hawautaji

Nyumbani ukisema uko Kanada, wanaelewa Toronto. Ukitaja Winnipeg, unaulizwa hiyo iko wapi. Ni makao makuu ya jimbo la Manitoba, karibu na katikati ya nchi, kwenye tambarare isiyo na hata kilima cha kukinga upepo. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi karibu 750,000.

Baridi naipita haraka, maana ndiyo sifa pekee iliyotutangulia. Januari nyuzi 30 chini ya sifuri hazimshangazi mtu, na magari hulala yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande. Unazoea. Mbu wa Julai, hao sijawazoea.

Kilichonibakiza ni watu, na namna kila kundi lilivyoingia kwa mlango wake. Waukraine walianza kuja mwishoni mwa karne ya 19 wakifuata ardhi ya kulima, na makanisa yao ya kuba bado yamesimama katika mtaa wa North End. Wafilipino wengi waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na viwanda vya nguo vilivyokosa washonaji. Leo ingia hospitali au nyumba ya kulelea wazee, utasikia Kitagalogi korido nzima. Wengi wetu tumepita mpango wa uteuzi wa jimbo, ambao tangu 1998 unaiwezesha Manitoba kujichagulia wahamiaji wake. Wasomali, Waeritrea na watu wa Sudan Kusini, wengi wao walikuja kama wakimbizi. Wakongo na Warundi utawakuta Saint-Boniface, ng'ambo ya mto Red, ambako mtoto anasoma kwa Kifaransa na mambo yanakwenda. Nikiwa na hamu ya Kiswahili huenda huko, ingawa ni kile cha Bukavu, na wenyewe wananicheka kwa kuongea kama redio.

Agosti kuna Folklorama, tamasha lililoanza 1970: majuma mawili ya vyakula na ngoma katika kumbi za jumuiya mbalimbali. Usiku mmoja unakula kwa Waukraine na kumalizia kwa Wakaribi. Mimi sikosi. Ila tusidanganyane, jukwaani panaonekana sketi na mishikaki tu. Nani amepangishwa nyumba na nani ameambiwa imeshachukuliwa, hilo halichezewi ngoma.

Na kuna wenye ardhi. Winnipeg na vitongoji vyake ina wakazi wa asili zaidi ya laki moja, wengi kuliko mji mwingine wowote wa Kanada. Pale The Forks, mito Red na Assiniboine inapokutana, watu wamekuwa wakikutana na kubadilishana bidhaa kwa maelfu ya miaka. Manitoba yenyewe ikawa jimbo mwaka 1870 baada ya upinzani wa Wametis, watu wenye asili ya wenyeji na Wazungu, chini ya Louis Riel. Mwaka 1885 serikali ikamnyonga kule Regina. Siku hizi kaburi lake ni kivutio mbele ya kanisa kuu la Saint-Boniface, na kila Februari tunapumzika kazini kwa jina lake.

Hapa ndipo sisi wageni tunaponikera. Mtu hajamaliza hata msimu mmoja wa theluji, tayari ana maneno juu ya wenyeji: walevi, wavivu, wanalishwa na serikali. Habari za shule za bweni walikopelekwa watoto wao kwa nguvu, wakapigwa kwa kusema lugha zao, hajazisikia na hataki kuzisikia. Sisi tuliotawaliwa na mkoloni tulipaswa kuelewa bila kuelezwa.

Oktoba 2023 Wab Kinew, wa kabila la wenyeji la Anishinaabe, aliapishwa kuwa waziri kiongozi wa Manitoba, mtu wa kwanza wa First Nations, yaani makabila ya wenyeji wasio Wametis wala Wainuit, kuongoza jimbo la Kanada. Kijiweni kwetu watu walishangilia kana kwamba ameshinda binamu yao. Juma lilelile, meza ileile, wakamkalisha kijana mgeni na kumwonya asipange nyumba North End, eti "wale" wamejaa.