Dar Inaliwa kwa Saa

Nilipohamishiwa Dar es Salaam kikazi kutoka Songea, kila niliyemuuliza nile wapi alinitajia mahali. Nikifika, nakuta sufuria zinaoshwa. Baadaye nikabadilisha swali, nikawa nauliza "saa ngapi", na hapo mji ukaanza kunilisha. Dar kila chakula kina saa yake. Kibaraza kilichokuwa na supu asubuhi, jioni kina mtu mwingine kabisa na kaango la chipsi.

Asubuhi ni supu. Nakaa Kimara, kwa hiyo napanda basi la mwendokasi mapema na kushuka Kivukoni kabla jua halijawa kali. Makongoro, ndimu, pilipili na chapati mbili, basi. Ukichelewa hadi saa nne, aliyekutangulia ameshakula minofu na wewe unauziwa mchuzi na mfupa. Asiyependa supu ana vitumbua, mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye tangawizi, na hela haiishi.

Mchana ndio mama ntilie, na hapa nina msimamo: chakula cha mchana katikati ya mji hakina mshindani. Nawahi saa sita na nusu, kabla maofisi hayajamwagika. Naangalia kwanza nani wamekaa kwenye benchi. Nikiona makuli, bodaboda na karani mwenye shati la kunyooshwa wanagombania kijiko cha pilipili, nakaa. Naangalia pia ndoo ya kunawia na maji ya kuoshea sahani. Yakiwa meusi, naaga kwa heshima. Kisha nasalimia.

"Shikamoo mama. Leo kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Wali, ugali, maharage, dagaa, nyama. Samaki wapo, ila wewe leo kula dagaa."

Huyo ndiye mama wa kumshika. Hajamsema vibaya samaki wake mbele ya wateja, lakini mteja wa kila siku hampi kitu cha mashaka. Dagaa wale walikuwa wamekaangwa wakauka vizuri, nyanya na kitunguu vimeshikana nao, wakamwagiwa tui jepesi juu ya ugali wa moto. Pembeni mchicha kidogo, maharage kidogo hata kama hukuagiza, na kipande cha tikiti. Wali maharage au ugali dagaa haujawahi kunivusha elfu tatu. Bei siombi punguzo, si ustaarabu kwa mtu aliyeamka alfajiri kuwasha mkaa. Naomba aongeze mchuzi, na mchuzi haninyimi.

Nikiwa na hela ya mshahara naenda Feri, soko la samaki pale Magogoni, jirani na kivuko cha Kigamboni. Watu wengi wanachagua samaki aliyekwisha kaangwa. Mimi nachagua mbichi, nafunua mashavu nione wekundu wake, ndipo namfuata mpaka kwenye mafuta. Kelele ni nyingi na harufu utarudi nayo nyumbani kwenye nguo, lakini changu wa kukaangwa vile na ndimu, hotelini ungemlipia mara kadhaa.

Jua likizama, mji unabadilika. Muuza pweza anatandika meza yake ndogo, anakata vipande, wewe unachoma kwa kijiti na kuchovya kwenye pilipili, kisha unashushia kikombe cha supu yake. (Wanaume hujaa hapo wakidai ni kwa ajili ya afya. Sawa.) Chipsi mayai, ambayo vijana wanaiita zege, iko kila kona, na kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi, afadhali urojo, wenye bhajia, kachori, viazi na chatini ya nazi ndani ya bakuli moja. Usiku ukiingia namsikiliza muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kahawa chungu na kashata, na mabishano ya Simba na Yanga ya bure.

Vinywaji havinisumbui. Dafu nalipasuliwa barabarani nikitaja kabisa kwamba nataka lenye nyama kidogo, na juisi ya miwa naisubiri ikamuliwe mbele yangu pamoja na ndimu na tangawizi. Iliyokwisha kukaa kwenye jagi siigusi.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka. Mchana wengi wanafunga biashara au kuuza nyuma ya pazia, na utamu wenyewe uko jioni: magimbi, mihogo ya nazi, tambi, uji wenye pilipili manga. Hata asiyefunga aende wakati huo.

Siku ngumu ni Jumapili. Posta, huko katikati ya mji, inakuwa kimya, mama ntilie wa maofisini wamepumzika nyumbani kwao, na anayezurura huko ataishia kununua biskuti. Siku hiyo nateremka Coco Beach kula mishkaki na mihogo ya kukaanga yenye chachandu, au navuka kwenda Kigamboni, na kurudi nawahi kivuko kabla foleni ya jioni haijaanza.