Nilivyoendesha mchezo wa kukisiana tabia kundini

Sisi tulikutana kwenye mafunzo ya ushonaji ya mtandaoni. Mafunzo yalipokwisha mwalimu akaaga, wachache tukabaki kwenye kundi la WhatsApp: bibi mmoja wa Tanga, vijana wa Dar es Salaam, fundi wa Likoni kule Mombasa, dada wa Bujumbura, mwingine wa Lubumbashi, na mmoja aliyeolewa Muscat. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tulijua nani ana cherehani ya umeme na nani bado anakanyaga, basi. Yaliyobaki yalikuwa picha za maua zenye "asubuhi njema" na dua za Ijumaa zilizosambazwa hadi hazijulikani zilikotoka.

Nikawaambia tucheze. Ninatoa swali, kila mtu ananijibu inboksi. Mimi nachagua jibu moja, naliweka kundini bila jina, wengine wanakisia ni la nani. Anayekosa anatoa mji, kama ilivyo kwenye vitendawili.

Kazi kubwa ni kupata swali. Maswali ya "unapenda nini zaidi" niliyaweka kando mapema, maana ukiuliza chakula utaletewa pilau, pilau, biriani, pilau. Hapo utamkisia nani? Swali linalonoga ni la mkono: mtu anafanyaje akiwa peke yake. Embe unalimenya au unaling'ata na maganda yake? Uji unauweka ndimu? Ukisema "niko njiani", uko njiani kweli au bado unaoga? Hili la mwisho halikuhitaji hata kukisia. Wote walimtaja kijana mmoja wa Dar, naye akajibu kwamba bafuni nako ni njiani.

Lililowasha moto ni la kazi yetu wenyewe. Ukimaliza mshono, uzi unaukata kwa mkasi au kwa meno? Mbele za watu kila mtu ni mkasi, ndivyo tulivyofundishwa. Inboksi, meno tupu! Nikachagua jibu moja lililosema, "Mkasi uko mbali, meno yako hapa." Kundi zima likamshukia fundi wa Likoni, kwa sababu ndiye anayetuma picha za kazi zenye nyuzi zinazoning'inia. Akaapa kwa kila kiapo. Kumbe ni bibi wa Tanga, yule anayetukemea kwa pindo zisizonyooka. "Shikamoo bibi, na sisi wajukuu tukate kwa nini?" Akaitikia marahaba, akasema tukate kwa mkasi, maana yeye amebakiwa na mawili tu ya mbele na anajua namna ya kuyatunza.

Swali la nyama nalo lilikula usiku mbili: sahani ya wali, nyama unaanza nayo au unaiacha mwisho? Wa Muscat aliiacha mwisho, ladha ibaki mdomoni. Dada wa Bujumbura akasema huyo hakuzoea kula kwenye sinia moja na ndugu wengi, kwani kwao nyama ya mwisho ililiwa na mwingine. Sikuingilia. Mchezo ukifika hapo mwendeshaji anakaa pembeni.

Mambo mawili ya kiufundi yalinisumbua. La kwanza ni ile sehemu ya kura ya WhatsApp. Inapokea majibu hadi 12, kwa hiyo majina yetu yalitosha, lakini mtu akigusa anaona nani kapiga wapi. Wa pili anamfuata wa kwanza, wa tatu anawafuata wote, na kukisia kunageuka kuandamana. Nikaamua makisio nayo yaje inboksi, kisha nafungua kura baadaye kwa ajili ya kelele tu. La pili ni namna watu wanavyoandika. Mtu wa Likoni akiandika "mimi nala" kila mtu ameshamjua, na wa Lubumbashi akitia "njo" katikati ya sentensi ndiyo basi tena. Kwa hiyo kila jibu nalipiga pasi kwanza, naliandika upya kwa maneno ya kawaida, kisha nalituma. Inachosha kidogo, lakini bila hivyo hakuna mchezo.

Saa nazo. Muscat ikiwa saa tatu usiku, Dar ni saa mbili na Bujumbura saa moja, mtu bado yuko jikoni. Tulikubaliana saa mbili ya Dar, na mwezi wa Ramadhani tunasogeza hadi baada ya tarawehe. Miji inatolewa kwa ujumbe wa sauti, mfupi, maana bando si la kuchezea.

Na hiyo miji ndiyo iliyokuja kuwa utamu wenyewe. Mwanzoni walitoa Dubai na New York. Bibi akakataa: "Dubai nikafanye nini? Nipe Pangani." Tukaweka sharti kwamba mji uwe ambao mmoja wetu anaujua. Aliyepewa mji anasafiri kwa mdomo, kama wazee walivyofanya kwenye vitendawili, kisha ndipo anakiri kwamba jibu ni lake. Fundi wa Likoni alipewa Lamu. Akatueleza alivyopanda punda akapita kwenye vichochoro, akakaribishwa kahawa chungu, wenyeji wakamuuliza habari za mafundi wa mtandaoni, akawajibu kwamba kushona wanajua, kukisia hawajui. Dakika nzima tunamsikiliza mtu akitutukana kwa adabu.

Mipaka niliiweka bila kuitangaza. Dini, kabila, pesa na unene sivigusi. Mmoja alipendekeza tukisie nani anamwogopa mwenzi wake. Nikamjibu inboksi kwamba hilo tutalikisia siku tukiwa na mahakama yetu. Akacheka, likaisha.

Wiki hii nimeuliza nani anaweka vitambaa vilivyobaki mpaka leo kwa sababu "vitafaa siku moja". Majibu yote yameshafika, yote ni "mimi", na sasa sijui nitaweka lipi kundini.