Siku yangu moja nikisaka tetemeko hewa la 1928

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko ndani ya matatu ya kuingia mjini Nairobi, muziki umepandishwa hadi mwisho, na kwenye simu nimefungua lahajedwali yenye mistari miwili ambayo imenisumbua wiki nzima.

Kazi yangu ni kusafisha orodha ya matetemeko ya zamani ya Kenya. Mstari wa kwanza hauna ubishi: tetemeko la Subukia, karibu na Nakuru, Ijumaa usiku, tarehe 6 Januari 1928, saa 22:01, ukubwa 6.9. Ndilo kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini, na lilipasua ardhi kwa takriban kilomita 38 kwenye ufa wa Laikipia-Marmanet. Mstari wa pili ni wa usiku uleule, saa 22:31. Sehemu ya ukubwa iko tupu, na mtu ameandika tu: "dogo, Nakuru". Je, hilo dogo lilitokea kweli, au ni tetemeko hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara kila mwezi na hakuna aliyewahi kuwaona ofisini?

Saa mbili na nusu niko Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, jengo ambalo zamani lilikuwa la National Bank of India. Nusu ya Nairobi hupeana miadi mlangoni pake, na wachache sana huvuka kizingiti.

Kuanzia saa tatu nasoma maikrofilamu za magazeti ya zamani, na hapa ndipo siku inapoishia. Unazungusha mkono wa mashine, kurasa zinapita mbio, unasimama, unarudi nyuma. Tangazo la sabuni, bei ya mahindi, matokeo ya mbio za farasi, kisha katikati ya safu, bila kichwa kikubwa, barua ya mlowezi: dohani imeanguka, vyombo vimevunjika, mbwa walibweka. Tarehe iliyochapwa juu ya ukurasa ni ya gazeti, si ya tukio. Mwandishi akisema "jana usiku", ni lazima nijue aliandika lini, barua ilisafiri siku ngapi hadi Nairobi, na mhariri aliiweka mezani kwa muda gani. Matetemeko mengi ya bandia huzaliwa hapo.

Jambo la pili ninaloangalia ni nani amenakili nani. Habari ya simu ya waya ikitoka Nairobi ikafika London, unaweza kuikuta pia kwenye magazeti ya Australia, ambayo leo yanasomeka bure kwenye Trove, hazina ya mtandaoni. Magazeti matatu yenye sentensi ileile ni shahidi mmoja aliyevaa kofia tatu, nami namhesabu mara moja.

Saa saba kasoro, chapati na maharagwe. Hapo kibandani ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia chapati.

Katalogi za kimataifa huandika saa za Greenwich, na kwa Subukia zinaandika 19:31. Sisi leo tunaongeza saa tatu, tunapata 22:31. Lakini Januari 1928 Kenya haikuwa saa tatu mbele ya Greenwich. Ilikuwa saa mbili na nusu. Saa tatu zilianza katikati ya mwaka huohuo, kisha saa zikabadilishwa tena zaidi ya mara moja kabla ya kutulia tulipo sasa. Kwa hiyo saa ya ukutani ya Nakuru usiku ule ilisema saa nne na dakika moja. Nikarudi kwenye lahajedwali: mistari yote miwili ina sekunde zilezile. Ardhi haina nidhamu ya namna hiyo.

Hata hivyo sikufuta. Tetemeko kubwa hufuatwa na madogo, na moja la nusu saa baadaye lisingemshangaza yeyote.

Saa nane nampigia simu mzee mmoja wa Subukia, ninayemwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, ambaye mama yake alikuwa msichana wa maskwota kwenye shamba la mzungu.

"Guka, habari ya mchana?"

"Nzuri, mwanangu. Bado unatafuta ule mtetemo?"

Anasema mama yake alisimulia kwamba hawakurudi ndani usiku ule, maana kila wakitaka kulala, inakuja tena. Namuuliza kama alitaja saa. Anacheka hadi anakohoa. "Saa? Nani alikuwa na saa?"

Ushahidi wake ni mzuri kuliko barua nyingi nilizosoma leo, na bado sina pa kuuweka. Mizani ya Mercalli, inayopima mtikisiko kwa madhara yake, inataka dohani, plasta na kuta za mawe. Nyumba ya fito na udongo yenye paa la nyasi huyumba na kurudi mahali pake. Ndiyo maana ramani ya mtikisiko wa 1928 hufanana mno na ramani ya mashamba ya walowezi. Hata ule ukubwa wa 6.9 ulipatikana baadaye, kutokana na michoro ya mashine za mbali, kwa sababu Richter alitoa kipimo chake cha ukubwa wa matetemeko mwaka 1935.

Saa kumi naamua. Mstari wa pili unatoka kwenye orodha kuu na kuhamia kwenye ukurasa wa matetemeko hewa, pamoja na sababu: saa za Greenwich zimegeuzwa kwa tofauti ya leo. Mkuu wangu angependa ufutwe kabisa. Nimemkatalia, kwani mtu mwingine atakuja na orodha ile ya zamani mkononi, aurudishe, na asijue tulishapita hapo. Simulizi la mama wa Guka nimeliingiza chini ya tetemeko kubwa: mitikisiko mingi iliyofuata, saa hazijulikani.

Kabla chumba hakijafungwa najaza fomu ya kesho. Naomba ripoti ya mwaka 1928 ya mkuu wa wilaya ya Nakuru, na kwenye daftari naandika kwa penseli: angalia kama kuna lolote kuhusu nyumba za maskwota.